Sharubu Nyuma ya Mstari wa Chokaa

Jumapili, 3 Agosti

Nimekubali kuongoza mbwa kwenye mashindano. Sikupanga. Mdomo wangu ndio uliokubali, na mdomo wangu hauna breki.

Ilivyokuwa ni hivi. Mpwa wangu, fundi cherehani, ameteleza kwenye ngazi za duka lake na kuvunjika kifundo cha mguu. Jumamosi ndiyo mashindano ya mwisho ya msimu. Mbwa wake Sindano ana miaka tisa, na daktari wa mifugo amesema baada ya msimu huu asiruke tena hata kizingiti cha mlango. Juu ya cherehani kuna misumari mitatu. Miwili ina tepe nyekundu za ushindi. Wa tatu unaning'iniza mkasi. Aliipigilia yote siku moja, Sindano akiwa bado hajafumbua macho vizuri, akasema mbwa huyu atapata tepe tatu. Leo ameutazama ule mkasi. Machozi yakaanza kujipanga foleni.

Mimi siwezi kuona mtoto wa dada yangu analia. Basi nikamsimulia nilivyowavusha mbwa arobaini mtoni kwa kupandisha unyusi mmoja tu, wa kushoto, nikiwa ng'ambo ya pili nimeshika kikombe cha uji. Nilitaka acheke. Dada yangu akadakia kwamba kumbe tatizo limekwisha, kaka yake ataongoza mbwa. Nikasema bila shaka. Nilisema kabla sijafikiri, kama kawaida ya mashujaa.

Kitu kimoja kimenigusa. Nilipoanza tu kusimulia, Sindano alijilaza chini, kidevu sakafuni, hatikisiki. Nilipomaliza, nikasema haya, ndiyo hivyo, akainuka. Mbwa anayejua kusikiliza wakubwa.

Nitashindana kundi la umbali. Mwongozaji anabaki nyuma ya mstari wa chokaa, hatua kumi na tano kutoka vikwazo, havuki ng'o. Mbwa anakwenda peke yake: anaruka miti, anaingia handaki la turubai, anapenya nguzo kama uzi kwenye kitambaa, anapanda meza na kulala mpaka mwamuzi ahesabu tano, kisha anaruka mti wa mwisho. Wewe unamwamrisha kwa mikono na maneno tu. Yaani kazi ya kusimama. Kwa goti langu na tumbo langu, nimezaliwa kwa ajili ya kazi hii.

Mpwa wangu amenipa karatasi ya maneno anayoyajua Sindano. Nimeitia mfukoni. Niliacha shule darasa la tano kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa. Siwezi kuanza leo kusoma karatasi ya mbwa.

Nikapita kwa Kinyozi kutangaza. Naye anashindana, na mbwa wake Waziri, aliyechanwa manyoya kama bwana harusi. Kinyozi aliuliza nani anafuata, nikajibu mimi, na Waziri akanisindikiza mpaka kwenye kiti, akakaa kando yake. Mbwa wa adui, lakini ananitambua. Nikamwambia Kinyozi akili ni nywele. Akasema ni kweli, ndiyo maana zako zimebaki juu ya mdomo tu. Watu wakacheka. Sikupenda.

Tumewekeana ahadi mbele ya wateja. Sindano asipomaliza, sharubu zangu zitanyolewa hapo hapo uwanjani. Waziri asipomaliza, mimi nitamwongoza Waziri msimu ujao. Sharubu hizi nimezilea miaka ishirini na mbili. Mke wangu aliposikia aliuliza kama wembe anao au tumpelekee.

Jumatatu, 4 Agosti

Mazoezi ya kwanza, nyuma ya bohari letu la vifaa vya ujenzi, ambako mimi ni mtunza stoo. Mabomba ya plastiki yamekuwa nguzo. Mbao zimekuwa vikwazo. Pipa lililokatwa pande zote mbili limekuwa handaki. Meneja aliuliza ni nini hiki. Nikamjibu ninapanga mali kwa mtindo wa kisasa. Akaondoka, ameridhika au amechoka.

Nikachora mstari wa chokaa, nikasimama nyuma yake. Nikaanza kwa kumweleza Sindano historia yangu, maana mbwa lazima amjue anayemwongoza. Basi, nikamwambia, mwaka ule wa mafuriko. Akalala. Nikanyoosha mkono aende. Hakwenda. Nikaeleza zaidi. Alizidi kulala.

Nimegundua tatizo. Umbali. Mtu akiwa karibu, mbwa anaona sababu ya kufanya kazi. Akiwa mbali, anajiuliza kwa nini. Hata mimi Meneja akiwa ofisini kwake huwa najiuliza.

Dawa ni kuweka sababu kule kule kwenye vikwazo. Kesho, mafuta ya samaki.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepaka mafuta ya samaki kila mahali. Kila mti, kila nguzo, mdomo wa pipa, juu ya meza. Kazi safi.

Sindano alinusa mara moja, akakaa kando kama mgeni aliyeletewa chakula asichokijua. Kisha wakaja paka. Sijui hata walikuwa wanaishi wapi. Mmoja wa kijivu aliruka miti mitatu, akapita ndani ya pipa, akapenya nguzo zote sita huku akizilamba, akapanda meza, akalala. Nilihesabu mpaka tano. Bila kosa hata moja. Angeandikishwa huyo, utepe ni wetu.

Mlinzi wa getini alisema amefanya kazi hapa miaka kumi na leo ndiyo mara ya kwanza anaona nimesimamia jambo likafanyika. Nimelichukua kama sifa.

Nyumbani mke wangu aliifua ile suruali, harufu ilikuwa kali. Ile karatasi ya maneno imetoka mfukoni ikiwa kama uji. Nimemwambia asijali, kila kitu kiko kichwani. Akasema kichwani kuna nafasi ya kutosha, hilo halina ubishi.

Jumatano, 6 Agosti

Usiku wote nilifikiri, asubuhi nikapata. Mbwa hanioni vizuri kwa sababu mkono wangu ni mfupi. Mkono ukiwa mrefu, umbali unakufa. Nikafunga glavu nyekundu kwenye ncha ya mpini wa fagio. Mkono wa mita tatu. Jicho la mbwa haliwezi kuukosa.

Nikausogeza kulia. Sindano akautazama. Nikausogeza kushoto. Akapiga miayo. Nikaupunga juu chini kwa nguvu. Nyuma yangu nikasikia injini. Dereva wa foklifti alikuwa amebeba saruji, akadhani namwelekeza. Nilipopunga kulia, alikwenda kulia. Nilipopunga chini, alishusha. Mifuko thelathini ya saruji imekaa sasa mbele ya mlango wa choo cha Meneja. Meneja alikuwa ndani.

Alipotolewa alikuwa na mengi ya kusema. Lakini mimi niliona jambo ambalo yeye kwa hasira hakuliona. Foklifti ilikuwa hatua hamsini kutoka kwangu. Nimeongoza mashine ya tani tatu, bila hata kujua, kwa hatua hamsini. Mbwa wa kilo kumi na mbili, hatua kumi na tano? Ni mchezo wa watoto.

Nilikwenda kumwambia Kinyozi. Akasema basi nimwandikishe foklifti. Aliposema hivyo Sindano alikuwa na mimi, akajilaza mlangoni, wateja wakawa wanamruka. Nilidhani ni uchovu.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo mpwa wangu ameletwa bohari na dada yangu, mguu umefungwa plasta, mwenyewe kakaa kwenye kiti cha plastiki, utepe wa kupimia shingoni kama kawaida ya mafundi. Alitaka kuona tulipofikia. Nikamwambia tumefika mbali sana.

Nikasimama nyuma ya mstari. Nikanyoosha mkono wa kulia na Sindano akaruka mti wa kwanza. Wa pili. Hata mimi nilishtuka. Nikageuka kuwaeleza. Basi, nikasema, mnaona mambo hayo. Sindano akalala katikati ya uwanja kama gunia.

Mpwa wangu akaziba macho. Kisha akaniuliza, polepole kama anayepitisha uzi kwenye tundu dogo, kama niliisoma karatasi. Nikasema niliisoma kwa jicho la haraka. Akasema:

"Mjomba, neno la kumlaza ni 'basi'. Nikimaliza kushona, nikikata uzi, nasema basi, naye analala. Na neno la kumwinua ni 'haya'. Kila ukifungua mdomo unamlaza."

Nikamwambia, kwa heshima, kwamba hilo haliwezekani, mimi neno hilo silitumii. Dada yangu akakohoa. Nikaendelea kueleza. Basi, nikasema, hata kule mtoni sikutumia neno. Sindano, ambaye alikuwa ameinuka, akalala tena. Ni sadfa tu.

Mke wangu alipohadithiwa alisema mbwa huyo akihamia kwetu hatasimama tena mpaka afe.

Mpwa wangu hakucheka. Alinishika mkono. Akasema Sindano anaijua mikono, alimfundisha kwa mikono akiwa amekaa kwenye cherehani, mbwa akiwa mlangoni. Mkono wa kulia ukinyooka, anakwenda mbele. Wa kushoto, anageuka. Niongoze kwa mikono tu, mdomo niufunge kabisa. Mezani pekee ndipo niseme neno moja. Akanitazama. "Msumari ule Mjomba, sitapata mbwa mwingine wa kuutundikia."

Nikaapa kwa sharubu zangu. Nilipomaliza kuapa nilitaka kuongeza mfano, akaniwekea kidole mdomoni. Mtoto niliyembeba mgongoni huyu.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya kujizoeza kunyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nimetia maji mdomoni tangu nilipoamka.

Mteja aliuliza bei ya misumari. Nikaonyesha vidole. Akaondoka na kilo saba. Mwingine aliuliza rangi ya dari, nikamwonyesha mawingu. Mlinzi wa getini alikuja kunipa pole kwa kufiwa. Meneja alisema kama ndivyo nitakavyokuwa, nihesabu makosa ya saruji yamesamehewa.

Mke wangu alikaa na mimi sebuleni jioni, akishona vifungo, akaimba kidogo. Hakuwa ameimba siku nyingi. Akasema nyumba imekuwa na hewa. Nilitaka kumweleza kwamba kuna wakati mimi nilinyamaza siku arobaini mfululizo, nikapewa cheti. Maji yakanimwagikia shati. Alicheka mpaka akajichoma sindano, na mimi nikacheka, tukawa vijana kidogo.

Lakini maneno yanajazana ndani. Nayasikia yakisukumana.

Jumamosi, 9 Agosti

Nitaandika yote, kwa utaratibu, maana watu watakuja kuuliza.

Uwanja ulijaa. Mstari wa chokaa ulikuwa umenyooka vizuri, ingawa si kama wangu. Mwamuzi, mama mmoja mrefu mwenye filimbi, alisoma sheria. Kila mbwa anajaribu mara mbili, dakika moja kila mara. Mguu wa mwongozaji ukigusa mstari, mmetoka. Mtazamaji akimdokeza mwongozaji neno, mmetoka. Nikauliza kwa ishara kuhusu tumbo, maana lilikuwa limeshavuka. Akasema sheria inataja miguu. Kinyozi akapaza sauti kwamba tumbo langu limeshafika mti wa kwanza, lipewe utepe wake. Wembe alikuwa nao mfukoni. Nauona mpini.

Mpwa wangu aliketi mbele, plasta imewekwa juu ya kigoda.

Jaribio la kwanza. Sindano alisimama mwanzoni, masikio juu, mwili unatetemeka kwa hamu. Mwamuzi akaniuliza kama tuko tayari. Mtu mzima akikuuliza kwa adabu, unajibu kwa adabu. Nikasema basi, tuko tayari.

Sindano akalala. Alilala dakika nzima. Nilinyoosha mikono mpaka kwapa zikapasuka mshono. Mwamuzi akapiga filimbi. Kinyozi akafungua wembe, akaufunga, akaufungua.

Sikumtazama mpwa wangu. Nilitazama viatu vyangu. Nilijisikia, nitaandika mara moja tu, kama debe tupu.

Jaribio la pili. Mwamuzi aliniuliza tena. Nikaitikia kwa kichwa kama bubu. Mkono wa kulia. Sindano akaruka mti wa kwanza, wa pili, wa tatu, wepesi kama kitambaa cha hariri kilichorushwa. Mkono wa kushoto. Akageuka, akaingia handakini, akatoka. Nguzo sita akazipenya ndani, nje, ndani, nje. Sasa ndiyo nimeelewa kwa nini aliitwa Sindano. Mbali kabisa kule, hatua kumi na tano, na kila kidole changu kilikuwa kamba isiyoonekana. Akapanda meza.

Akasimama juu ya meza. Akanitazama. Anangoja neno.

Neno nimelisahau. Mpwa wangu alisema ni lile ninalolitumia kila mara, lakini mimi sina neno ninalolitumia kila mara, msamiati wangu ni mpana. Nikajaribu lala. Nikajaribu tulia. Nikajaribu starehe. Nikajaribu karibu uketi. Sindano alinitazama kama karani anayetazama barua isiyo na muhuri. Mpwa wangu alikuwa ameuma utepe wa kupimia kwa meno, ameuvuta mpaka namba zimepauka. Haruhusiwi kusema. Saa ya mwamuzi inakwenda. Sekunde arobaini. Arobaini na tatu.

Nikaona yamekwisha. Na kama ni kunyolewa, nikaona ninyolewe watu wakiwa wamepata angalau hadithi. Nikawageukia watazamaji, miguu nyuma ya mstari, nikafungua mikono.

"Basi, jamani," nikasema, "hata siku ile mtoni maji yalikuwa yamefika shingoni."

Uwanja ukapiga kelele. Mwamuzi akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili. Nikadhani anahesabu mbwa wa hadithi yangu. Alipofika tano watu wakapiga makofi. Sijawahi kupata makofi mwanzoni mwa hadithi hiyo, huwa nayapata ikifika sehemu ya mamba. Nikainama kidogo.

"Haya, asanteni," nikasema.

Nikasikia kishindo nyuma yangu. Nilipogeuka, Sindano ameshashuka mezani, ameruka mti wa mwisho, na anakuja kwangu ulimi nje. Sekunde hamsini na nane. Bila kosa.

Mpwa wangu alisahau plasta. Aliruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye mstari, akapiga goti, akamkumbatia mbwa, akanikumbatia na mimi goti. Alikuwa analia. Nikamwacha. Machozi mengine hayahitaji kuzuiwa. Mimi mwenyewe vumbi la chokaa lilikuwa limeniingia machoni.

Zamu ya Kinyozi ikafuata. Sikuitazama sana, nilikuwa pembeni nawaeleza wauza maji siri ya ushindi. Nikawaambia aliyeongoza ni mimi, aliyevusha arobaini ni mimi, mwenye unyusi ni mimi. Ghafla nikahisi kitu cha joto mguuni. Waziri. Ameacha vikwazo katikati, amekuja kukaa kando yangu, mgongo umenyooka. Kinyozi alivuka mstari kumfuata. Filimbi. Jaribio la pili likawa vile vile, tena Waziri alikuja kwa mbio zaidi. Sifa husafiri, hata kwa mbwa.

Kinyozi alinifuata akisema nimemwita mbwa wake. Nikamwambia sijamwita, sijamtaja hata kwa jina. Alinitazama sana. Kisha akacheka, kwanza kidogo, halafu akashika kiuno. Akasema ahadi ni ahadi. Wembe ukarudi mfukoni. Hakuna mbwa mwingine aliyemaliza bila kosa, utepe mwekundu ukaja kwetu.

Jumapili, 10 Agosti

Siku njema. Tulikwenda sote dukani kwa mpwa wangu. Mkasi umehamia kwenye droo. Utepe wa tatu nimeutundika kwa mkono wangu, mpwa wangu akanielekeza kutoka kwenye kiti, juu kidogo, kulia kidogo, na mimi nikafuata. Sindano amepewa mto wake chini ya cherehani, umeshonwa kwa vipande vya vitambaa vya miaka tisa. Analala hapo sasa, mstaafu.

Mpwa wangu alinishukuru. Kisha akaniambia tena, taratibu, kwamba ni lile neno ndilo lililomlaza mezani, na lile jingine ndilo lililomshusha, na kwamba nimeshinda kwa bahati ya mdomo wangu. Nilimsikiliza kwa upendo. Vijana wanataka kila kitu kiwe na sababu ndogo. Nikamweleza juu ya unyusi. Mke wangu akasema yeye ameolewa na mimi, lakini mimi nimeoa unyusi wangu. Chai ilikuwa tamu.

Jioni Kinyozi ameleta kamba ya Waziri na karatasi ya maneno. Msimu ujao kundi ni lile lile la umbali, lakini mstari utasogezwa mpaka hatua ishirini na tano. Nikamwambia hata mia. Akasema nisome karatasi, tafadhali, safari hii niisome. Nimeitia mfukoni.

Mstari mmoja nimeusoma, kwa kuwa ulikuwa juu. Umeandikwa kwamba tangu utotoni Waziri huwasindikiza wateja: Kinyozi akiuliza nani anafuata, anayejibu "mimi" ndiye anayefuatwa. Kwa hiyo akiwa uwanjani, mwongozaji asilitamke neno hilo hata kidogo, mbwa ataacha vikwazo vyote na kumrudia.

Neno gani la ajabu kumfundishia mbwa. Lakini halinipi wasiwasi. Mimi, kwa mfano, mimi nijuavyo mimi, silitumii.